Anayetufanya Tushike Sheria Ni Nani?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi na mwanachama mmoja wa idara ya kupanga mabehewa. Tumeipiga chapa kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya sheria, na juu ya sababu ya watu kuzishika au kuzivunja. Mimi si mwalimu wala si wakili. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la saba, kisha nikaingia reli kama mchukua taa, na kama nitakosea mtaniwia radhi. Lakini jambo lenyewe linatuhusu sote, kwani liko shauri mbele yetu la kupigiwa kura leo: je, tukubali kumzuia sisi wenyewe mwenzetu aliyekunywa pombe asiingie yadi, au tukae kama tulivyo? Mimi nitainua mkono kukubali. Na ili niwaeleze kwa nini, itanilazimu kusema jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Nivumilieni, nitafika huko.

Mtu hazaliwi na sheria tumboni mwake. Mtoto mchanga hajui la kufanya wala la kuacha. Kuna mikono ya nje inayomshika na kumwelekeza, na mimi nikiitazama naona iko miwili. Mkono wa kwanza ni wa mwenye cheo: polisi, hakimu, faini, barua ya onyo, kukatwa mshahara, kufukuzwa kazi. Hata zawadi inatoka katika mkono huo huo: nyongeza ya mwaka, cheti cha kazi njema, na ile saa anayopewa mzee siku ya kustaafu, siku ambayo hana haja tena ya kujua saa.

Mkono wa pili hauna ofisi. Ni jirani, ni mama mkwe, ni watu wa rika lako, ni wale unaokula nao sahani moja. Hawa hawana jela, lakini wana kicheko. Wana jina la utani. Wana kunyamaza wote pamoja unapoingia mlangoni. Na siku ukifiwa wanaweza kukosa kuja katika matanga yako, na adhabu hiyo hakuna hakimu awezaye kuipima kwa shilingi.

Tuutazame kwanza mkono wa mwenye cheo. Wazee waliotutangulia katika kazi walivishwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika 1919 na 1920, baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka kumi na sita ilimpasa kuwa nacho. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyotoka, imetiwa katika kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni kwa kamba. Wakikuyu wengine walikiita kengele ya mbuzi. Tajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, huwezi kuandikwa mahali pengine, na ukiondoka tu wewe ni mtoro, unatafutwa na polisi.

Je, kikopo kile kiliwafanya watu waipende kazi? Wako waliokitupa na kusema kimepotea. Wako waliojiandikisha kwa jina jingine. Walishika sheria pale tu palipokuwa na polisi wa kuitazama, na hapo ndipo ilipokoma, mpaka mwaka 1947 ilipofutwa na kuletwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Msiwacheke wazee. Sisi nasi, Bwana fomeni akipita, kila mtu ana kofia kichwani, ana viatu miguuni, na hakuna anayevuka kati ya bafa mbili. Akigeuka kona ya banda, angalieni wenyewe.

Shuleni kwetu kulikuwa na kitu cha namna hiyo, nacho kilivaliwa shingoni vile vile. Kilikuwa kibao kidogo chenye uzi. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani badala ya Kiingereza alivishwa, naye akae nacho mpaka amsikie mtoto mwingine akifanya kosa hilo, amvishe. Jioni mwalimu alimwita aliyekuwa nacho, akamwuliza alikipata kwa nani, na yule naye alikipata kwa nani, mpaka wa kwanza wa asubuhi, wote wakapanga mstari kuchapwa. Siku moja nilikivaa tangu saa mbili. Saa nane bado kilikuwa shingoni, kwani watoto wote walikuwa wakinikimbia. Basi nikamwendea mtoto wa mjomba wangu kwa nyuma, nikamkanyaga mguu kwa makusudi. Akalia "Mama!" kwa lugha ya kwetu, nami nikamvisha. Mpaka leo tukikutana arusini hunikumbusha, na watu hucheka, nami hucheka. Lakini Kiingereza hatukukijua zaidi kwa ajili ya kibao kile. Tulijifunza kutegana. Mwalimu alikuwa mmoja na sisi tulikuwa wengi, kwa hiyo alitugawia jicho lake, kila mmoja akawa askari wa mwenzake, na njia ya pekee ya kujiokoa ilikuwa kumtia mwingine mashakani.

Nayasema haya kwa sababu najua wako humu wanaofikiri kwamba shauri letu la leo ni kibao kile kile kimerudi. Nitawajibu.

Sasa mkono wa pili. Kule Meru wazee wa Njuri Ncheke hukata mashauri mpaka leo, nao humtoza mkosaji mbuzi au ng'ombe. Na katika desturi nyingi za kwetu bara mnyama wa faini huchinjwa na kuliwa. Mtu ametoa, watu wamekula, shauri limekwisha, kesho mtakutana mtoni mkisalimiana. Hilo ni jambo kubwa kuliko faini ya korti, kwani faini ya korti huliwa mahali usipopajua, nawe hurudi nyumbani ungali mkosaji.

Msidhani kwamba mkono huu ni mwepesi kwa kuwa hauna bunduki. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi, naye alikuwa akisema juu ya kipande, juu ya kodi, na juu ya wanawake na wasichana kufanyishwa kazi kwa nguvu. Watu wengi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi. Tarehe 16 wakuu wao walikwenda kuonana na Serikali, wakarudi, wakawaambia watu watawanyike, na wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo aliposimama Mary Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake juu mbele ya watu wote, akawaambia wanaume wachukue gauni lake na wampe yeye suruali zao. Wanaume wakageuka, wakasonga mbele. Polisi wakapiga risasi, na mama yule akawa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Fikirini: bunduki zilikuwa zikiwaambia waondoke, na wakuu wao waliwaambia waondoke, lakini aibu mbele ya mwanamke mmoja ikawarudisha. Mimi sisemi kama ilikuwa vyema au vibaya kwamba walirudi. Nasema tu nguvu hiyo ni kali, na anayeishika ashike kama ashikavyo moto.

Tena Mombasa, tarehe 13 Januari 1947, wafanya kazi wapata elfu kumi na tano waliacha kazi: watu wa reli, watu wa bandari, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, na mgomo ulikaa karibu siku kumi na mbili. Hapakuwa na chama kilichosajiliwa kuwaita. Kila mtu alijua tu kwamba jioni atakutana na wenzake kiwanjani, naye atawatazama usoni.

Basi, sisi watu wa chama tunapenda kukisimulia kisa kile, nami nakipenda. Lakini jicho la wenzako huwa halichagui sheria ya kulinda. Hulinda ile ambayo kikundi kimekubali, iwe njema au mbaya. Hilo nililijua katika yadi, si katika kitabu.

Sitataja mahali wala mwaka wala jina la mtu. Tulikuwa kikosi cha watu saba, zamu ya usiku. Mwenzetu mmoja, mtu mkarimu sana ambaye hakuna kati yetu asiyekuwa na deni lake, alikuwa amezoea kunywa kabla ya kuja. Sote tulijua. Msimamizi hakujua, kwa sababu tulimficha: mmoja alimsainia kitabu, mwingine alimpa kazi ya kukaa, na mimi nilikuwa nikimpa vitunguu atafune. Kikosini kwetu palikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa, nayo ni hii: usimchongee mwenzio.

Usiku huo nilimkuta bombani akinawa uso. Alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mashua. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na Bwana Mwenyekiti sasa. Ningeweza kumwambia, "Kaka, nenda kalale, nitashika kazi yako." Maneno hayo hayazidi dakika moja. Nilimwambia, "Pole," nikachukua taa yangu nikaenda.

Kazi yake ilikuwa kufunga breki za mkono za mabehewa matatu yaliyojaa, yaliyoachwa juu ya mteremko. Mnajua wote kwamba behewa lililoachwa bila injini husimama kwa upepo wa breki muda kidogo tu. Upepo ukivuja, kama breki ya mkono haikufungwa na kabari haikuwekwa, linaondoka lenyewe, tena kimya kimya usiku. Yaliondoka. Ndugu yetu mmoja alikuwa ameinama chini yake akifungua kiungo cha mabehewa mengine. Alisikia wakati umekwisha pita. Aliruka, mwili ukatoka, mguu mmoja haukutoka.

Baraza la uchunguzi lilikaa. Tuliitwa mmoja mmoja. Kabla ya siku hiyo tulikutana nyuma ya banda, na kijana mmoja aliyekuwa hajamaliza mwaka kazini alisema, "Wazee, mimi naona tuseme kweli." Hakuna aliyemtukana. Mmoja wetu alimwambia tu, "Ukisema, utakula peke yako." Basi naye hakusema. Sote sita tulisema hatukuona kitu. Na kwa kuwa hapakuwa na aliyeona kitu, ikaandikwa kwamba aliyeumia alikuwa mahali asipotakiwa kuwa, kwa wakati asioruhusiwa. Kosa likawa lake. Malipo yake yalikaa miezi mingi yakibishaniwa, na alipoyapata yalikuwa pungufu.

Lakini sehemu inayonichoma zaidi si hiyo. Kijana yule hakutuchongea, alifikiri tu kufanya hivyo, na hata hivyo tulimtenga mwezi mzima. Akija mezani na sahani yake, watu walikuwa wamekwisha shiba. Mimi mwenyewe nilinyanyua sahani yangu nikahamia benchi jingine, naye alinitazama. Na yule aliyeacha breki wazi tuliendelea kula naye. Hakuna aliyemwambia neno. Hakuacha pombe, alizidisha, kwani sasa alikuwa na la kusahau. Baadaye alihamishwa, na nasikia hakukaa sana huko.

Hesabuni sasa. Kampuni ilikuwa na kitabu cha sheria, na ndani yake imo adhabu ya kulewa kazini. Adhabu hiyo ilikuwa kali mno, ni kufukuzwa, na kwa sababu ya ukali wake hakuna mtu mwenye moyo aliyekuwa tayari kumpeleka baba wa watoto watano mbele yake. Kwa hiyo haikuzuia kitu. Sisi sita tulikuwa na nguvu ya kumzuia usiku wowote tuliotaka. Nguvu hiyo tuliitumia, tena vizuri sana, lakini juu ya kijana.

Ndiyo maana naunga mkono shauri hili. Sasa niwajibu wenye mashaka, kwani nimewasikia wakisema nje, tena kwa sauti.

Wa kwanza wanasema tunajifanya polisi wa tajiri. Hapana. Polisi wa tajiri huandika jina akalipeleka ofisini. Shauri letu linasema hakuna jina litakaloandikwa, mara ya kwanza wala mara ya pili. Watu wawili watasimama langoni saa ya kubadilishana zamu, watapeana mkono na kila anayeingia, na asiyeweza kazi atarudishwa nyumbani. Mwenzake atamshikia zamu, naye atailipa zamu hiyo baadaye kwa jasho lake. Halmashauri imekwisha ongea na wasimamizi kwamba kubadilishana huko kutakubaliwa bila kuulizwa sababu. Mara ya tatu ataitwa mbele ya wazee watano wa tawi, na faini itakuwa ya chai na mikate kwa kikosi chake, inywewe pamoja naye akiwa hapo hapo. Si ya kutiwa katika mfuko wa chama. Mimi mwenyewe niliomba jambo hilo liandikwe hivyo.

Wa pili wanauliza: na mtu mwenye kisasi je? Na ukabila je? Hili ni swali la haki, na mimi siwezi kuapa kwamba halitatokea. Ndiyo maana tumesema wawe wawili, tena wasiwe wa kikosi kimoja, na lazima wakubaliane wote wawili. Jambo hilo tumelichukua katika kazi yetu wenyewe. Katika njia moja, kwa mashine za tokeni, stesheni masta wa upande huu hakuweza kuitoa tokeni peke yake. Ilimpasa mwenzake wa stesheni ya pili akubali kwa mashine yake, na ikiisha kutoka moja, nyingine haitoki hata ukipiga nyundo. Dereva naye aliipokea, akasoma jina la stesheni, na fayamani akalisoma pia. Hakuna aliyesema kwamba fayamani amemvunjia dereva heshima kwa kusoma. Ilikuwa kazi yake. Tuko wengi tuliolelewa tusimseme mkubwa, na desturi hiyo ni njema nyumbani, lakini usiku ule bombani mimi nilinyamaza kwa sababu yule alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi. Kama ingalikuwa ni desturi kwamba kila mtu hupewa mkono na kutazamwa, mzee na kijana, ningemwambia bila kuona haya, naye angesikia bila kuona ametukanwa.

Kwa hiyo fomeni naye atapita langoni kama wengine. Nimeona wengine mnacheka. Amekubali, muulizeni.

Wa tatu ni wale wanaotaka kuzidisha. Kuna ndugu aliyeleta shauri la pili, kwamba majina yabandikwe ubaoni, na wake zetu waambiwe. Mimi nalikataa kabisa hilo. Mtu aliyebandikwa ubaoni hana mahali pa kurudi, naye atafanya kama nilivyofanya mimi na kibao shingoni, atatafuta mguu wa kukanyaga. Nawaomba shauri hilo lipigiwe kura mbali, lisichanganywe na la kwanza.

Bwana Mwenyekiti, ndugu yetu aliyepoteza mguu yuko hai, ana duka dogo la kushona viatu. Nilikwenda kwake juma lililopita kabla ya kuandika hotuba hii, nikamweleza yote niliyoyaona usiku ule, pamoja na la bombani. Alinisikiliza huku akipiga msumari. Aliuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya wakili, kwa kuwa anataka kuuliza kama shauri lake laweza kufunguliwa tena. Nikamwambia niko tayari, na wanne kati ya wale waliobaki nimewaandikia barua. Wawili wamejibu. Kijana yule tuliyemtenga ndiye aliyejibu kwanza.

Katibu ana karatasi ya zamu za langoni. Jina langu nimeliandika usiku wa Jumatatu, na linatakiwa jina la mtu wa kikosi kingine wa kusimama nami.